Kutoka Bila Sababu

Kabla hujamaliza kumsalimu, Mwalimu alikuwa ameshakuuliza unaenda wapi. Ukimjibu, aliuliza kwa nini. Hakuwa mmbea. Wambea wa mtaa wetu wa Garissa nawajua mmoja mmoja, na yeye hakuwamo. Aliuliza kwa sababu aliamini kwamba mtu mwenye akili zake timamu hafungui mlango na kutoka kwenye jua lile bila kujua anafuata nini. Soko lilikuwa sababu. Shule, mgonjwa, harusi, msiba, ofisi ya serikali, zote hizo zilikuwa sababu. Siku moja, nikiwa darasa la sita, nilimjibu kwamba natembea tu. Alinishika mkono mpaka nyumbani, akamwambia mama anipime joto.

Mwanamke huyohuyo ndiye aliyekuja kunifundisha kutembea bure, miaka mingi baadaye, katika nchi ya Japani. Nikiwaambia hivyo wale tuliosoma pamoja, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wao wanamkumbuka Mwalimu wa mlangoni.

Mlangoni ndiko alikokaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akisimama pale na buibui lake jeusi hapakupita hata paka. Mvua, kwa mfano. Asiyekulia kwetu hawezi kujua mvua ni nini. Miezi inapita mbingu zimekauka, mbuzi wanakula maboksi, halafu asubuhi moja unasikia tone la kwanza kwenye bati na mwili mzima unasisimka. Walimu wengine wote waliwaachia watoto. Uwanja ulijaa, watu wanaruka, wanafungua midomo juu, hata mwalimu mkuu alitoka na kusimama mikono imetandazwa. Mwalimu wetu alisogeza dawati, akaliegemeza mlangoni, akakaa juu yake.

"Mvua mtaiona wakati wa mapumziko," alisema. "Sasa ni insha."

Mapumziko yalipofika mvua ilikuwa imekwisha zamani, na ardhi imeshaanza kuinyonya. Tulitoka tukasimama kwenye tope tukiwaangalia wenzetu waliolowa. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema hivyo.

Alitufundisha Kiswahili. Alikijua sana, ngeli zote zilikuwa vidoleni mwake, lakini akikasirika ulimi ulirudi kwao na kila p iligeuka b. "Beleka daftari mezani! Nani anabiga kelele?" Tulikuwa tunamkasirisha makusudi ili tusikie. Naye alijua, nadhani, kwa sababu kuna siku alikuwa anakasirika bila sababu yoyote, Ijumaa kipindi cha mwisho, wakati wote tumechoka, na darasa lilikuwa linalipuka kwa kicheko naye ametukazia macho tu.

Kabla ya Garissa alikuwa amefundisha Banissa, kisha Griftu. Ya Griftu ndiyo aliyopenda kuisimulia. Siku ya mnada wa mifugo darasa zima lilifuata ngamia, hata kiranja wake, na yeye akabaki na madawati. Akafundisha madawati. Aliandika ubaoni, akaeleza, akauliza maswali, akasubiri kidogo, akajijibu. Mkaguzi mmoja wa elimu akapita dirishani akamwona, na tangu siku ile wakubwa walimwogopa kidogo. "Kipindi ni kipindi," alikuwa akisema. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu kutoka kwenda kuangalia maua tu?

Mumewe alikuwa Japani kwa miaka mingi. Alinunua magari yaliyotumika, akayapakia kwenye meli kuja Mombasa, na kila baada ya mwaka au miwili alikuja nyumbani kuonana na familia. Mwalimu alipostaafu, watoto wakiwa wameshakuwa watu wazima, akaenda kuishi naye. Mimi nilikuwa nimetangulia. Niliolewa na kijana aliyefanya kazi na mumewe huyo kwenye yadi ya magari, tukapewa nyumba ghorofa ya chini, wao wakakaa juu yetu. Nilipofungua mlango siku ya kwanza na kumwona amesimama na sanduku lake, sikujua nimkumbatie au nisimame wima.

"Ulikuwa unaenda wapi?" akaniuliza.

Msimu ule wote wa baridi alikaa ndani. Nami nilikuwa ndani. Nilikuwa na mtoto mchanga na lugha siijui, na nyumba zenyewe unajua, ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Wanaume walitoka gizani wakarudi gizani na vyakula mkononi. Mwalimu alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayefanya hesabu, kwa nini hatoki: sokoni anaenda mume, shule hana, hana mgonjwa anayemjua, na wakifa watu hapa hakuna anayemwambia. Sababu zake zote alikuwa ameziacha Garissa. Akawa anasimama dirishani akiangalia ukuta wa maegesho. Nilisikia nyayo zake juu ya kichwa changu, kutoka dirishani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka dirishani, na nikaogopa kwamba mmoja wetu atarukwa na akili.

Halafu ikaja siku ya kliniki. Nilikuwa nampeleka mtoto chanjo, naye akanisindikiza, maana mgonjwa ni sababu na chanjo aliihesabu kwenye ugonjwa. Njia ya kurudi ilipita kando ya mto mdogo. Wiki ile miti ya sakura ilikuwa imefunguka yote kwa pamoja, pande zote mbili za maji, hakuna jani hata moja, maua tu, meupe yenye wekundu kwa mbali. Chini yake watu walikuwa wametandika maturubai ya buluu, wamevua viatu na kuvipanga pembeni, wamekaa makundi makundi, wazee kwa vijana, wanakula polepole na kuongea kwa sauti ndogo.

Mwalimu alisimama ghafla. "Innaa lillaahi," akasema. "Nani amekufa?"

Nilimwambia hakuna aliyekufa. Hakuniamini. Kwetu watu hawakai chini nje, kwenye turubai, mchana wa siku ya kazi, viatu vimevuliwa, ila kuna msiba. Alienda moja kwa moja mpaka kwenye kundi la karibu, akainamisha kichwa, akainua mikono, akawasomea dua. Dua nzima. Wale watu waliweka chakula chini. Bibi mmoja mzee akasimama, akainama mpaka kiunoni, mara kadhaa, halafu akatusogezea nafasi. Tukajikuta tumekaa. Tukapewa vitu vya mchele rangi ya waridi, vimefungwa kwenye majani.

"Ina nguruwe?" Mwalimu akaninong'oneza.

"Ni maharagwe, Mwalimu. Maharagwe ya sukari."

"Ya sukari kwa nini?" akasema, lakini akala. Kisha akauliza, "Kama hakuna aliyekufa, wamekuja kufanya nini?"

"Kuangalia maua."

"Halafu?"

"Halafu wanarudi nyumbani."

Jioni alinigongea mlango, bado amevaa buibui lake la kutokea. "Hakuna kingine?" akaniuliza. "Wanaangalia tu?" Nilipomhakikishia, alipanda ngazi taratibu, na usiku ule sikusikia nyayo.

Kuanzia hapo tukapata kamanda. Tulikuwa wanawake watatu wa kwetu katika mji ule: yeye, mimi, na dada mmoja wa Wajir ambaye mumewe pia alikuwa wa magari. Mwalimu alikuwa amegundua kwamba Wajapani hugombea nafasi nzuri chini ya miti, na kwamba kila ofisi humtuma mfanyakazi wake mdogo kabisa akashike mahali mapema. Mapema ya nani? Yeye alikuwa macho tangu alfajiri. Akishaswali alitutoa vitandani, na vijana wa maofisi walipofika wakihema na maturubai yao, walitukuta tumeshatandika chini ya mti mkubwa kuliko yote, birika la chai ya iliki limeshatua, mikate ya anjera imefunikwa, na katikati kopo la nyirinyiri, nyama yetu iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Waliinama kwa heshima na kwenda mbali. "Hawa watu ningewafundisha mimi," Mwalimu alisema, "wangeamka."

Kila kitu kingine cha nchi ile alikikubali kana kwamba yeye ndiye aliyekiagiza. Treni ikifika kwa dakika yake alitikisa kichwa kuikubali, kama anayempa mtoto alama zote. Ngazi zinazotembea zenyewe alizikataa katakata. Alipanda kwa miguu yake, akatusubiri juu.

Na starehe ilikuwa lazima. Hakuna kupiga picha kabla hujaangalia. Hakuna kuzungumzia waume. Alituita majina kabla ya kuondoka na kabla ya kurudi, watatu sisi, majina mawili yeye akituita na la tatu akijiitikia. Mwanangu alipovunja kitawi, alimkaripia kwa Kiswahili mbele ya umati mpaka mlinzi wa bustani, asiyejua neno hata moja, akasimama wima. Adhuhuri tuliswali palepale kwenye turubai. Nakumbuka nikiwa nyuma yake, amesujudu, na petali zinamwangukia mgongoni moja baada ya nyingine, naye anachelewa kuinuka.

Maua ya sakura hayakai. Yakiisha, alitupeleka kwenye mengine. Kulikuwa na yale ya zambarau yanayoning'inia kwenye vichanja, marefu, unapita chini yake yanakugusa mtandio. Kulikuwa na vichaka vyekundu vya milimani. Tulipanda treni tusizozijua kwenda miji ambayo hatukuweza kuitamka, na jioni mume wangu akiniuliza tulienda kufanya nini, nilimwambia tulitoka. Kwenda wapi? Kutoka. Alikuwa ananiangalia kama mama yangu alivyoniangalia siku ile ya kunipima joto.

Nilimuuliza Mwalimu mara moja, tukiwa tumekaa, ni nini kimempata. Alikuwa anamenya chungwa.

"Garissa nimetoka maisha yangu yote kwa sababu za watu," alisema. "Harusi ya fulani. Mtoto wa fulani. Hapa natoka kwa sababu yangu. Na sababu yenyewe sina." Akacheka, kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara chache sana. Kisha akanipa nusu ya chungwa na kuniambia nikae vizuri, nimeukunja mgongo.

Mzee wake alikuja mara moja tu. Alilala. Tangu alipokaa mpaka tulipokunja turubai alikuwa amelala chali, kofia usoni, amechoka na magari yake. Nilidhani Mwalimu atamwamsha, maana sheria ya kuangalia ilikuwa ya wote. Hakumwamsha. Alikaa kando yake akimtolea petali ndevuni.

Mzee alifariki mwisho wa baridi, kabla miti haijatoa hata chipukizi. Alizikwa kwenye kilima cha mbali ambako Waislamu wa nchi ile wana mahali pao, na Mwalimu akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, katika nyumba ambayo mumewe alimwachia, dirisha likitazama ukuta. Kibali chake cha kuishi kule kilitegemea kazi ya mume, kwa hiyo mwanawe mkubwa, aliyekuwa Garissa, akapanga: eda ikiisha tu, mama apande ndege. Nilichukua kalenda nikaangalia. Maua yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, yangefunguka na kuanguka yeye akiwa ndani, na miti ikishakuwa kijani kitupu ndipo mlango ungefunguliwa, naye angetoka kwenda uwanja wa ndege.

Alikuwa ameshaliona hilo kabla yangu. "Nilitaka mara moja tu," aliniambia. "Nikifika Garissa, ndiyo basi."

Dada wa Wajir alimpigia simu sheikh wa kwao. Sheikh akasema mjane anaweza kutoka mchana akiwa na haja, mradi usiku alale nyumbani kwake. Tulipanda ngazi mbio kumpa habari. Mwalimu alitusikiliza mpaka mwisho.

"Haja gani?" akauliza.

"Kununua chakula. Dawa. Mambo kama hayo."

"Maua si haja," akasema. Mjadala ukafungwa hapo. Ungedhani amesogeza dawati lake mlangoni na kukaa.

Basi tukasema, kama hatoki kwa maua, hatatoka kwa kitunguu pia. Mjane wa watu, mzee wetu, mwalimu wangu, aende kubeba mifuko kwenye baridi sisi tupo? Tuligawana siku. Mimi maziwa na mkate na takataka, dada wa Wajir nyama halali na dawa ya presha, na tulishindana nani atatangulia. Nilipika mimi, nikampelekea kikiwa cha moto. Sindano yake ilipovunjika nilimletea pakiti nzima. Balbu iliungua, mume wangu akaibadilisha kabla ya magharibi. Nilijisikia vizuri sana siku zile, naweza kusema hivyo. Nilikuwa naona thawabu zinaandikwa.

Upepo ulileta petali mpaka kwenye kibaraza chake. Zilipita juu ya ukuta wa maegesho na kujikusanya pembeni, karibu na mashine ya kufulia. Mjane hajipambi, hajitii manukato, havai rangi, na mimi na dada wa Wajir tukabishana kama petali ni pambo, na kama ni pambo, ni letu kuzifagia au la. Nilishika ufagio.

"Ziache," Mwalimu akasema kutoka ndani. "Sikuziita mimi."

Lakini hakutoka hata kibarazani. Alikaa kwenye mkeka wake, mavazi meupe, tasbihi mkononi, mita chache kutoka kwenye zile petali, mpaka zikawa kahawia. Nilitamani kumvuta mkono. Nilikasirika, halafu nikaona aibu ya kukasirikia eda ya mtu, halafu nikakasirika tena. Siku aliyosafiri mvua ilikuwa inanyesha na mto mzima ulikuwa kijani. Aliuangalia kupitia kioo cha gari, akasema umejaa.

Tulirudi nyumbani baada ya miaka kadhaa, mume wangu akiwa amepata nafasi ya kufungua yadi yake Garissa. Nilienda kumwona wiki ya kwanza. Mwanawe amejenga vizuri, Masha'Allah. Ukuta ni mrefu, geti ni la chuma, ndani kuna tangi la maji, feni kila chumba, msichana wa kupika na mwingine wa kufua. Ni kijana mwenye adabu, wa biashara na ofisi, anayemwita mama yake "hooyo" kwa sauti ya mtoto mdogo. Alinizungusha nyumba yote kwa fahari.

"Hooyo hasumbuki hata kidogo," aliniambia. "Maziwa yanamjia hapa. Daktari anamjia hapa. Hata fundi wa nguo anamjia hapa. Zamani alikuwa anasema anataka kutoka, namwambia, hooyo, sema tu unataka nini, kitakuja."

Mwalimu alikuwa barazani, amepungua, macho yameingia ukungu kidogo, mgongo bado wima. Nilimwinamia, akanishika uso kwa mikono miwili. Tulizungumza habari za dada wa Wajir, za watoto. Mwanawe alipoingia ndani kupokea simu, alinivuta karibu.

"Mvua imenyesha huko nje ya mji?"

"Imenyesha sana, Mwalimu."

"Mbigili zimetoa maua?"

Zilikuwa zimetoa. Mbigili ni ile miba inayotutoboa miguu mwaka mzima, lakini ikinyeshewa hutambaa na kufunika ardhi yote kwa maua ya manjano, pande zote, mpaka macho yanapoishia. Nilikuwa nimezipita juzi kwenye barabara ya Ijara, gari likienda mbio, na hata sikugeuka.

"Nataka kuziona," alisema. "Naomba unitoe, hooyo. Nimechoka kuletewa." Mama wa kwetu naye humwita mwanawe hooyo.

Kwa hiyo mwanawe aliporudi na kuuliza kwa wema wote, "Mnaenda wapi?" nilimjibu bila kufikiri kwamba tunaenda tazia, kuna msiba upande wa Ijara. Kwetu hakuna mtu wa kukataza tazia. Alisema pole, akatufungulia geti mwenyewe, akaniambia nimrudishe kabla ya magharibi.

Tulitoka mjini. Kisha Mwalimu akaniuliza, kwa ile sauti ya darasani, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mwalimu. Nilisema tu."

"Umesema tazia. Kwa hiyo tunaenda tazia."

Nilifikiri anatania. Manjano yalikuwa yameshaanza kushoto na kulia, nikapunguza mwendo, nikamwonyesha. Aliangalia mbele. "Kwanza msiba," akasema. "Siwezi kurudi kwa mwanangu nikiwa mwongo." Niligonga usukani. Nilimwambia amezeeka na hajabadilika hata kidogo. Ikabidi nisimame kando ya mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda aliyebeba maji, nimuulize kama kuna msiba karibu.

"Wa nani?" akauliza.

"Wa yeyote," nikasema.

Alituangalia vizuri, mmoja halafu mwingine. Akaelekeza kwa kidevu.

Na kweli kulikuwa na msiba, kijiji cha pili, siku chache tu zilizopita, mwanamume aliyeugua muda mrefu. Hatukumjua, hawakutujua, na hakuna aliyetuuliza. Tulikaribishwa ndani kwa wanawake, tukasoma, tukapewa chai ya maziwa ya ngamia. Mjane alikuwa mwanamke wa umri wangu, amevaa nyeupe, amekaa kwenye ngozi ukutani. Kila mara mbuzi walipolia nje alikuwa anainua kichwa.

"Tulia," mama mmoja alimwambia. "Wanachungwa. Maji tumekuchotea, kuni tumekuletea. Wewe kaa tu, hutagusa kitu mpaka eda iishe."

"Mbuzi ni wa nani?" Mwalimu aliuliza.

"Wake," wakasema. "Lakini tumempa mtoto wa jirani awachunge."

"Kesho awapeleke mwenyewe."

Walidhani hawakusikia vizuri. Yule mama akasema kwa upole kwamba huyu yuko edani.

"Najua yuko wapi," Mwalimu akasema, na Wallahi nilikaa wima, nikiwa na miaka yangu yote hii. "Mchana anatoka kwa haja yake, magharibi awe nyumbani. Hiyo ndiyo sheria, na mbuzi ni haja. Mkimfanyia kila kitu, mmemfungia ninyi, si eda."

Mjane alikuwa amemkazia macho. "Nikiwapeleka mbali kidogo?" aliuliza polepole.

"Mbuzi hula mbali," Mwalimu akamwambia.

Tulipanda gari alasiri. Tulipofika barabarani nikashindwa kujizuia.

"Kumbe uliijua hiyo ruhusa, Mwalimu. Tulikuletea sisi wenyewe kutoka kwa sheikh. Ungeweza kutoka. Njia ya duka inapita mtoni."

"Nilitafuta haja," alisema. "Kila asubuhi nikishaswali, nilikuwa nafungua makabati kutafuta kitu kilichokwisha. Hakikwisha kitu. Siku moja nilimwaga chumvi yote kwenye sinki, nikafungulia maji. Nikavaa buibui. Nilikuwa nimeshashika kitasa, ukabisha hodi na pakiti mbili."

Sikukumbuka. Nilijaribu kuikumbuka chumvi ile, mkono wangu umeishika, uso wake mlangoni, na sikupata kitu. Zilikuwa pakiti nyingi na siku nyingi, na mimi nilikuwa na furaha.

"Ukasema, 'Mwalimu, umevaa, ulikuwa unaenda wapi?'" alisema. "Nikakosa la kusema. Nikavua."

Niliteremka kutoka barabarani na kusimamisha gari katikati ya manjano. Nilizima injini. Alianza kupapasa mlango wa upande wake akitafuta pa kufungulia, vidole vikipita juu, chini, kwenye kitufe cha kioo, kwenye mkanda. Nilijua mahali penyewe pako wapi. Niliushika usukani kwa mikono miwili, nikaangalia mbele, na sikumsaidia.